KOMPYUTA ZA NGARA NA BIHARAMULO HAZIJAFA

Kuna hukumu ambazo hutolewa bila mahakama, na mshitakiwa hupata habari zake baada ya adhabu kuanza. Hukumu ya namna hiyo ilitolewa tarehe 14 Oktoba 2025, pale kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipoacha kuuhudumia mfumo endeshi wa Windows 10. Mfumo huo ulitolewa Julai 2015, na mwaka ule ule mtumishi mmoja wa kampuni hiyo alitamka hadharani kwamba hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Haikuwa ya mwisho. Oktoba 2021 ikaja Windows 11, nayo ikaja na masharti ambayo kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 haziwezi kuyatimiza: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoandikwa na kampuni yenyewe.

Kompyuta isiyomo katika orodha hiyo haikuharibika. Inawaka, inaandika, inachapa. Kosa lake ni kuzaliwa mapema.

Jambo hili haliwahusu wakazi wa New York na London peke yao. Linazihusu ofisi za kata za Rulenge na Nyakahura, na linazihusu shule zilizo kandokando ya barabara kuu itokayo Lusahunga hadi Rusumo. Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko mbali na bandari na mbali na maduka makubwa ya vifaa. Kwa miaka mingi umeme wake ulitoka katika majenereta ya dizeli. Kila kompyuta ya umma iliyofika huko ilisafirishwa mamia ya kilometa, na fedha zilizoinunua zilitoka katika jasho la mtu: mkulima wa kahawa wa Ngara, mkulima wa pamba wa Biharamulo. Mali iliyopatikana kwa taabu namna hiyo haiwezi kutangazwa takataka kwa tamko la ng'ambo, kisha wenye mali wakaitika "hewala".

Hata hivyo wapo wanaoitika. Wapo mashabiki wa kompyuta, hasa mijini, ambao hupokea kila toleo jipya kama watoto wapokeavyo nguo za sikukuu. Hao wamekwisha toa fatwa yao: mashine za zamani zifutwe katika daftari la mali, zinunuliwe mpya, na mtumishi anayeuliza sababu ni mshamba anayeogopa maendeleo. Maneno hayo yana mvuto kwa sababu yamevaa joho la utaalamu. Yanafaa kuvuliwa joho hilo ili yaonekane yalivyo.

Bei ya viraka

Kwanza ieleweke ni kitu gani hasa kilichokoma. Programu yoyote kubwa ina matundu ambayo wahalifu huyatafuta ili wapite na kuiba au kuharibu. Mwenye programu huyaziba kwa viraka anavyovituma kwa njia ya intaneti. Baada ya tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 inaendelea kuwaka kama zamani, ila matundu mapya yatakayogunduliwa hayazibwi kwa kila mtu. Hiyo ni hatari ya kweli, na mtumishi anayetunza majina ya wanafunzi au hesabu za umma hana ruhusa ya kuipuuza.

Lakini je, viraka vimekwisha? La. Viraka vinaendelea kutengenezwa, na vinauzwa. Ofisi na makampuni yamewekewa bei ya dola 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu mwaka wa pili na maradufu tena mwaka wa tatu. Jumla ni dola 427, yaani zaidi ya shilingi milioni moja, kwa kuilinda kompyuta moja ambayo sokoni huenda isiuzwe hata nusu ya fedha hizo. Mtu binafsi ameambiwa alipe dola 30 kwa mwaka mmoja, ama akubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake katika maghala ya kampuni, ama akusanye alama za uteja wake.

Hapo ndipo siri inapofichuka. Septemba 2025, baada ya vyama vya kutetea walaji vya Ulaya kupiga kelele, kampuni ilikubali kuwapa watu binafsi wa nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya viraka hivyo bure mpaka Oktoba 2026. Mashine ya Ubelgiji na mashine ya Biharamulo ni mashine ile ile, tundu ni lile lile, na kiraka ni kile kile. Tofauti ni kwamba Mbelgiji alikuwa na chombo cha kumsemea. Basi kinachoitwa "mwisho wa uhai" wa Windows 10 si kifo cha kitaalamu. Ni uamuzi wa biashara, na uamuzi wa biashara hujadiliwa, hupingwa na hukataliwa.

Itasemwa kwamba taasisi za elimu zimepewa nafuu: dola 1 mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Ni kweli, na shule inayoweza kuipata nafuu hiyo isiikatae. Lakini nafuu hiyo itafikia kikomo Oktoba 2028, na siku hiyo shule itasimama pale pale iliposimama 2025, ikiwa imenunua muda bila kununua uhuru. Isitoshe, ofisi ya mtendaji wa kata si shule.

Kazi ya mtumishi iko wapi?

Swali ambalo mashabiki hawaliulizi ni hili: mtumishi wa umma wa Ngara huifanyia nini kompyuta yake? Jibu linajulikana katika kila halmashauri. Malipo hupita katika mfumo wa MUSE. Manunuzi, tangu mwaka 2023, hupita katika NeST. Mipango na bajeti huingizwa katika PlanRep. Mtumishi huomba likizo na kuona taarifa zake katika ESS, na utendaji wake hupimwa kwa PEPMIS, uliochukua nafasi ya zile fomu za OPRAS. Mifumo yote hiyo hufunguliwa kwa kivinjari. Kivinjari ni dirisha, na dirisha halijali ukuta umejengwa kwa matofali ya nani. Firefox na Chrome hufanya kazi katika Windows, na hufanya kazi vilevile katika Linux.

Linux ni mfumo endeshi ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Ndiyo maana huitwa programu huria. Wanaodhani ni kitu cha ajabu wajue kwamba simu ya Android iliyomo mfukoni mwa mwalimu inaendeshwa na kiini hicho hicho. Yapo matoleo mepesi yaliyoandaliwa kwa ajili ya mashine za zamani, nayo hupata viraka bila ada. Toleo moja maarufu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, liliitwa Ubuntu. Mhangaza hahitaji mkalimani wa neno hilo. Kwa majirani wa Burundi na Rwanda, kitu kinachotolewa "ku buntu" ni kitu kisicholipiwa.

Kwa hiyo kompyuta iliyohukumiwa kufa inaweza kufunguliwa MUSE asubuhi, ikaandika barua mchana kwa LibreOffice, na ikafundishia wanafunzi jioni. Maiti ya namna gani hiyo?

Mafunzo ya historia

Tanzania haianzi leo kushindana na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa hesabu za Serikali ulipohamishiwa katika mashine ya Kiingereza, hesabu zikavurugika, na wenye kuijua mashine kwa ndani walikuwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuwa na sababu zake, lakini ilichelewesha kizazi kizima cha wataalamu, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka irudi. Funzo lake ni jingine: mashine ambayo mwenyeji haijui ndani yake humtawala, ama aikumbatie ama aifukuze.

Funzo hilo lilipozingatiwa, matunda yalionekana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004: programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na hakuna aliyelazimika kupiga magoti kuomba ruhusa. Vivyo hivyo, kwa miaka ipatayo 20 malipo ya Serikali yalipita katika Epicor, programu ya kampuni ya Marekani, mpaka wataalamu wa Kitanzania walipounda MUSE na kuiweka mahali pake. Taifa lililoweza kuandika mfumo wa kulipia mishahara halishindwi kuweka mfumo endeshi katika kompyuta ya kata.

Wilaya ya Ngara ina mfano wake yenyewe. Januari 2021 Serikali ilipotia saini mkataba wa nikeli ya Kabanga, ilipata asilimia 16 ya hisa, na ikasisitiza kwamba madini yaongezewe thamani nchini. Ni ajabu kukataa kuwa mchimbaji tu wa nikeli, kisha kukubali kuwa mpangaji wa milele katika programu.

Wanaotishia kwamba shule haziwezi wakatazame Kerala, jimbo la India lisilo na utajiri wa mafuta wala dhahabu. Shule za Serikali huko zimetumia programu huria kwa miaka mingi, na mwaka 2019 jimbo hilo lilitoa toleo lake la Linux kwa kompyuta zipatazo 200,000 za shule. Walimu ndio waliofundishwa, na walimu ndio waliofundisha wenzao. Huko Ujerumani nako, jimbo la Schleswig-Holstein liliamua mwaka 2024 kuzihamisha kompyuta zipatazo 30,000 za ofisi zake.

Pingamizi za haki

Zipo pingamizi za haki, nazo zisifichwe. Jiji la Munich lilihamia Linux tangu mwaka 2004, na mwaka 2017 madiwani wake wakaamua kurudi Windows. Sababu mojawapo iliyotajwa ni malalamiko ya watumishi juu ya mafaili yasiyofunguka vizuri na programu zisizopatana. Zipo printa na vifaa vya alama za vidole ambavyo watengenezaji wake hawakuvitayarishia Linux. Yapo majedwali ya Excel yaliyofumwa kwa ufundi ambayo yataharibika yakihamishwa ovyo. Na upo uchache wa mafundi: afisa TEHAMA mmoja hawezi kuwa Rulenge, Kabanga na Rusumo kwa siku moja.

Pingamizi hizo zinadai mpango, hazidai kusalimu amri. Kompyuta ambayo lazima ibaki na Windows, ibaki, ilindwe kwa njia halali. Nyingine zote zipimwe. Zaidi ya hayo, anayetetea utaratibu wa sasa akumbuke hali ilivyo katika vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, ambako Windows ya wizi na virusi vya flashi vimezoeleka kama vumbi la kiangazi. Unyonge huo hauwezi kuitwa usasa.

Wajibu wa kila mmoja

Mkurugenzi wa halmashauri aagize hesabu ya kompyuta zote, na asiidhinishe kufutwa hata moja kabla haijajaribiwa kwa Linux. Jaribio lenyewe halihitaji fedha: linahitaji flashi moja na saa moja, na mashine huwashwa kutoka katika flashi bila kugusa kilichomo ndani. Afisa manunuzi aandike kazi inayotakiwa kufanywa na mashine, asiandike jina la kampuni. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2019, ishirikiane na TAMISEMI na vyuo vikuu kuandaa toleo moja la Kiswahili, lenye maelekezo yanayosomeka, ili kila wilaya isibuni gurudumu lake. BAKITA wasimamie istilahi, kazi iliyoanzwa na Kilinux isiozee makabatini.

Nao walimu wana nafasi ya kwanza. Mwanafunzi aliyefundishwa kubonyeza vitufe vya kampuni moja amefundishwa kuwa mteja. Mwanafunzi aliyeruhusiwa kufungua msimbo, kuusoma na kuubadili, ameonjeshwa ufundi wenyewe. Kati ya watoto wanaochunga mbuzi leo katika vilima vya Ngara wamo watakaoandika mifumo ya Serikali kesho, iwapo hawataambiwa mapema kwamba mlango huo umefungwa na ufunguo uko Marekani.

Wenyeji wa Ngara wanajua maana ya msaada unaokuja na kuondoka. Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji nchini kwao. Mashirika ya kimataifa yakaja na magari, redio na kompyuta, na kazi ilipopungua yakaenda zake. Kilichobaki ni kile ambacho wenyeji walijifunza kukifanya kwa mikono yao. Hesabu ya kompyuta za wilaya hizi mbili ianze kwa kipimo hicho, na ianze kabla daftari la mali halijapigwa mstari mwekundu.