Usigeme Mnazi Mchanga

Kaskazi ilipoanza kuvuma, mpwa wangu aliyeko Tanga alifungua tovuti. Kazi yake ni nzuri, nami sioni haya kuisifu: humpa mvuvi saa za maji kujaa na kupwa, humwambia bamvua litaanza lini, na kila asubuhi huandika changu na kolekole wameuzwaje mnadani. Siku ya tisa akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Nimeomba matangazo ya Google, wamenikubali!"

"Marahaba. Wasomaji unao wangapi?"

"Thelathini. Siku nyingine arobaini."

Nikaifungua tovuti kwenye simu yangu. Kabla sijajua maji yanajaa saa ngapi, nikapokewa na mtu anayetaka kunikopesha fedha. Chini yake palikuwa na viatu. Nilipojaribu kuviondoa vile viatu ili nione jedwali, nikajikuta nimeingia dukani kwa muuza viatu.

Sikumgombeza, maana kosa hilo si lake peke yake. Vijana wetu wengi wanaofungua tovuti leo hutundika matangazo kabla rangi ya ukuta haijakauka, kisha hukaa wakihesabu senti. Kwa hiyo maneno haya ni yake, na ni yako pia, ewe kijana unayesoma ukiwa na tovuti yenye umri wa wiki mbili.

Kwanza tuhesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme kila watu 100 wanaofungua ukurasa wako wakuletee senti 5 za dola. Mpwa wangu mwenye watu 40 atapata senti 2 kwa siku. Google hailipi mpaka fedha zifike dola 100. Gawanya mwenyewe: ni siku 5,000, yaani zaidi ya miaka 13. Mtoto aliyezaliwa usiku ule tovuti ilipofunguliwa atakuwa amemaliza darasa la saba, na mpwa wangu bado anasubiri malipo ya kwanza. Hata ile barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani, ambayo hutumwa mapato yakifika dola 10, ingemchukua siku 500 kuistahili.

Hayo ndiyo mapato. Je, gharama analipa nani? Analipa mvuvi. Yuko ufukweni saa kumi za usiku, mtandao unasuasua, bando lake ni la shilingi mia tano na limebaki kidogo. Anataka namba mbili tu, maji yanajaa lini na yanapwa lini. Picha za viatu na za mikopo zinamlia bando hilo, na kioo cha simu yake ni kidogo kiasi kwamba tangazo moja linalijaza dirisha zima. Kesho atamwuliza mzee wa jirani, ambaye hutazama mwezi na hatozi kitu. Kwa senti 2 umempoteza mtu ambaye angekuja kwako kila siku ya uhai wake wa bahari.

Watu wa Pwani tusingehitaji kuelezwa jambo hili. Mnazi wetu mrefu hukaa miaka sita, saba, hata zaidi, kabla ya kuzaa, na karara likishakatwa ncha lidondoshe tembo, karara hilo halitoi tena nazi. Mwenye shamba anachagua moja. Wapo wanaogema, nao hawakosei, lakini hugema mnazi uliokwisha simama. Tena tuna methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa kwetu kalitia maji kabla hajasifiwa na mtu!

Atasema mwingine: mbona wakubwa wote wanaishi kwa matangazo? Naam, wanaishi kwayo, lakini tazama walivyoanza. Google ilianzishwa mwaka 1998, na mpango wake wa kuuza matangazo ulioitwa AdWords ukafunguliwa Oktoba 2000. Waanzilishi wake, walipokuwa wangali wanafunzi, waliandika wenyewe mwaka 1998 kwamba mtambo wa kutafutia habari unaoishi kwa matangazo utaegemea upande wa watangazaji na kumpa kisogo anayetafuta. (Kama wameukumbuka wasiwasi huo baadaye, nakuachia wewe uamue.) YouTube ilianza mwaka 2005, na matangazo ndani ya video yakaja Agosti 2007. Leo hii haimgawii anayeanza fedha za matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000. Wenye soko wenyewe wanajua kwamba kibanda kisicho na wateja hakina cha kukodisha.

"Wao walikuwa na fedha za matajiri," mpwa wangu alinijibu, na hapo alisema kweli. Jina la tovuti linalipiwa, nafasi kwenye seva inalipiwa, na hapa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, ziliweka ada ya leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Siwezi kumcheka mtu anayetafuta pa kushika. Lakini senti 2 hazilipi ada wala seva. Tovuti changa hulipiwa kutoka mfukoni, kama mbegu na kama wavu wa kwanza, na asiyeweza kuilipia mwaka mmoja afadhali aanze na ndogo zaidi kuliko kuanza na matangazo.

Wala sisemi tangazo ni dhambi. La hasha! Mwaka 1836, huko Paris, Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse akalitoza nusu ya bei iliyozoeleka, faranga 40 kwa mwaka badala ya 80, kwa sababu matangazo yangefidia iliyobaki. Watu ambao gazeti halikuwa lao wakalipata. Tangazo likimpunguzia msomaji mzigo ni jambo jema. Langu ni wakati wake tu.

Ipo hoja moja iliyonisumbua, nayo sitaificha. Wanasema msomaji aliyezoea ukurasa mweupe atajiona amesalitiwa siku utakapomletea matangazo, kwa hiyo heri umzoeze mapema. Ina uzito. Jibu langu ni hili: acha nafasi tangu siku ya kwanza, lakini usiiuze. Chini ya jedwali weka kisanduku, na ndani yake andika tahadhari ya upepo mkali iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, au tangazo la mtumbwi uliopotea, au siku ya kliniki ya watoto, vyote bure. Msomaji atajifunza kwamba pale mahali hapamdanganyi. Siku ukipakodisha, atapatazama kwa jicho lile lile.

Sasa, siku hiyo utaijuaje? Wengine watakutajia idadi ya makala, wengine idadi ya miezi. Mimi nasema waangalie wanaorudi. Siku umeumwa, hukuandika kitu, je, watu walifungua? Wanaliandika jina la tovuti yako wenyewe, au huja tu ukirusha kiungo kwenye kundi la ukoo? Umekosea saa ya maji kupwa, je, mtu amekupigia kukufokea? Huyo anayekufokea ana thamani kuliko mia waliopita njia, maana anakutegemea.

Na kwa kuwa nimelitaja kundi la ukoo: usiwaombe shangazi zako wabofye matangazo ili wakuinue. Wana huruma, watabofya mpaka vidole viume, nawe akaunti yako itafungwa, kwa kuwa mibofyo ya kupangwa imekatazwa waziwazi. Mpwa wangu alikuwa ameshaandika ombi hilo. Alilifuta nilipomsomea sharti.

Siku matangazo yatakapoingia, yaingie kwa adabu. Moja, chini, baada ya jedwali. Tangu Februari 2018 kivinjari cha Chrome huziba matangazo ya tovuti zinazowakera watu kupita kiasi, kwa hiyo hata tamaa ina mpaka wake. Chagua pia ya kukataa. Michezo ya kubahatisha, mikopo ya haraka, dawa za kuongeza hiki na kile: mipangilio ya kuvizuia ipo, ila wengi hawajawahi kuifungua.

Mpwa wangu aliyaondoa matangazo yote jioni ile, kwa shingo upande, akaweka kisanduku. Mabamvua kadhaa yamepita. Juzi kanipigia tena: muuza nyavu mmoja wa Pangani anataka jina lake liwekwe pale chini kwa mwezi mzima, na ameuliza bei. Kijana hajui aseme ngapi. Nimemwambia bei ingoje. Kwanza aende Pangani akazishike nyavu zenyewe, apime matundu yake kama yanaruhusiwa.