Kabla Ununue Feni, Toboa Ukuta

Wasee, kabla mpite hii posti, swali moja tu. Kwa nini chumba cha jenereta ya kisima huku kwetu kinajengwa kama selo? Ukuta mzito, mabati juu, mlango wa chuma, na kadirisha kadogo ka kutosha paka. Ukiuliza, unaambiwa ni wezi.

Poa, wezi wapo. Lakini hii ni Biliqo, si Nairobi. Mchana joto linaweza kupita nyuzi 35 hata kabla ya mtu kuwasha injini. Na injini ya dizeli hugeuza karibu theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Zinazobaki ni joto. Lingine linatoka na moshi, lingine kwa rejeta, lingine linabaki hapo ndani na opareta. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, injini inakosa oksijeni ya kutosha, nguvu inashuka, mwishowe inajizima au inaungua. Hapo ngamia wako kwa foleni, na abba herega aliyepanga zamu za kunywesha hana maji ya kugawa.

Kuna hatari ingine mbaya zaidi. Bomba la moshi likivuja ndani ya chumba kilichofungwa, kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Opareta anaona usingizi tu. Hiyo si stori ya kuogopesha watoto, ndivyo watu hufa.

Sasa dawa yake. Toboa tundu kubwa chini, upande upepo unatokea. Toboa lingine juu karibu na paa, upande wa pili. Hewa moto inapanda na kutoka, baridi inavutwa kuingia. Kadiri matundu yanavyopishana kwa urefu, ndivyo mvuto unavyokuwa na nguvu. Rejeta nayo itazame tundu lake ukutani, itupe joto nje, lisirudi ndani. Mwizi mwekee grili ya chuma na wavu.

Hii si kitu ya wazungu. Nyumba ya akoo, ile ya vijiti na mikeka, inapumua pande zote. Hata vichuguu vya mchwa vinapitisha hewa. Kule Harare, jengo la Eastgate lililofunguliwa 1996 lilichorwa kwa kuiga wazo la vichuguu, na halitegemei eyakondishena za kawaida.

Najua kuna mtu atakuja kwa komenti: "Feni ndio kisasa." Buda, feni ina kazi yake, siikatai. Chumba cha betri za sola kinaihitaji. Betri za risasi zikichajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Joto nalo linazila: kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri yanapungua karibu nusu. Vumbi letu pia mnalijua. Feni yenye chujio ikisukuma hewa ndani, vumbi linazuiwa kuingia kwa kila ufa.

Lakini chujio lazima lisafishwe, na mota ikiungua spea iko Isiolo mjini. Siku hiyo, chumba kisicho na matundu ni oveni. Chenye matundu bado kinapumua, hata kama ni kidogo. Kwa hivyo matundu kwanza, feni ifuate pale hesabu inaonyesha hayatoshi.

Niliacha chuo, sina cheti cha uinjinia. Lakini swali hili halitaki cheti. Jirani zetu Merti walipata umeme kwa kituo cha dizeli, na sola nazo zinazidi kuja huku. Majengo yataongezeka. Mkandarasi akileta ramani barazani, simama umuulize: hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi? Akikosa jibu, msimpigie makofi. Ikiharibika, yeye atakuwa ameshaenda, na mifugo ni yetu.