Mapango ya Amboni yana mwisho

Nimefundisha jiografia shule ya msingi hapa Tanga kwa miaka 26, na karibu kila mwaka nimepeleka wanafunzi kwenye Mapango ya Amboni. Si mbali: kilomita 8 hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Mombasa. Mwaka mmoja, Jumatatu baada ya ziara, mwanafunzi wa darasa la sita aliniletea zawadi aliyoifunga kwenye karatasi ya daftari. "Mwalimu, nimekuchukulia." Kilikuwa kipande cha stalaktiti, yale mawe mfano wa mishumaa yanayoning'inia kwenye dari ya pango. Uso wake ulijaa furaha. Sikumgombeza, maana kosa lilikuwa langu. Siku ya ziara, tukiwa ndani na tochi zetu, mimi ndiye niliyewaambia kwamba pango lile halina mwisho.

Kila mtoto wa Tanga amekua na hadithi hiyo. Ati ukiingia Amboni unaweza kutokea Mombasa, na wengine husema Kilimanjaro. Husimuliwa habari za watu walioingia na mbwa wao wakapotea, kisha mbwa peke yake akaonekana huko Moshi. Mimi niliisikia kwa bibi yangu, nikaibeba hadi darasani.

Lakini mapango yamepimwa. Mwaka 1994 wataalamu kutoka Ujerumani na Uturuki waliyapima na kuhesabu 10, na lililo refu kuliko yote lina urefu wa mita 900 hivi. Mita 900 unazitembea kabla chai uliyoiacha mezani haijapoa.

Kitu kisichoisha hakionewi uchungu. Anayeamini kwamba pango linafika nchi ya jirani ataona kipande kimoja si kitu, na jina lake kuchongwa ukutani si kitu. Kuna jambo jingine pia: jiwe hilihili la chokaa ndilo tunalochimba Tanga kwa saruji na kwa kupaka nyumba zetu, kwa hiyo tumezoea kuliona kama kitu cha kupasuliwa.

Asubuhi ile ya Jumatatu nilichukua rula nikakipima kile kipande mbele ya darasa. Sentimita 8. Nikawaeleza jinsi kilivyotokea. Mvua huchukua hewa ukaa angani na kwenye udongo, maji yakawa tindikali dhaifu, yakapenya kwenye nyufa na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo. Tone likifika darini hewa ile hutoka, na chembe ya chokaa hubaki imeganda. Tone moja, kisha jingine. Kasi hutofautiana kwa mvua na joto, lakini mengi ya mawe haya hukua kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Tukapiga hesabu ubaoni: miaka 800. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo kilianza kabla Wareno hawajaja?" Ndiyo, kabla ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498, kwa zaidi ya karne mbili. Aliyekivunja alilia. Nami nilijiona nina deni.

Msitu uliokatwa unaweza kupandwa, na mjukuu wako akakaa kivulini. Pango halipandwi. Hata kuligusa tu kuna madhara: jasho na mafuta ya vidole hubaki juu ya jiwe, likaingia weusi, na chokaa mpya isishike vizuri.

Wenzangu huniambia kwamba tukiiacha hadithi, wageni watapungua. Sisemi iachwe. Isimuliwe nje, chini ya miti, kama hadithi. Ndani, mwongozaji aanze na tone. Awaonyeshe watu jiwe lililoundwa chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, awanyamazishe kidogo wasikie maji yakidondoka na popo wakijigeuza gizani. Hakuna mbwa wa hadithi anayeushinda ukweli huo.

Tena adabu ya kuliheshimu pango si ngeni kwetu. Katika mapango yale pako mahali paitwapo Mzimuni, ambapo watu huja kutambika. Mimi ni Mwislamu na sitambiki, lakini katika miaka yote hiyo sijamwona aliyekuja kutambika akichonga jina lake ukutani. Huingia kwa hodi, hutoka kimya. Serikali ya kikoloni iliyatangaza mapango kuwa eneo la hifadhi mwaka 1937, na mwaka 1963 yakawekwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale. Sheria tunazo. Tunachopungukiwa ni ile hodi.

Walimu wenzangu, msiwapakie watoto kwenye basi kabla hawajapiga ile hesabu ubaoni. Wapelekeni kwa makundi madogo, si themanini kwa mpigo huku wakisukumana kwenye kona nyembamba. Na wenye mamlaka wasione haya kuwazuia wageni mlangoni mpaka waliomo ndani watoke.

Kile kipande ninacho bado. Kila mwaka, siku moja kabla ya ziara, hukitoa kwenye kabati na kukizungusha darasani, mkono kwa mkono. Kila mtoto hukishika hapo kadiri anavyotaka, ili kesho yake pangoni asishike kingine.