Klachi Ikilala, Usimlaumu Mwenzio

Jumamosi asubuhi pedali ya klachi ililala chini, gia ya kwanza ikagoma kuingia. Nikamgeukia mke wangu: "Si wewe unayeendesha huku umeikanyaga muda wote!" Akanyamaza. Nikafungua boneti, kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa karibu kitupu. Nikapapasa juu ya pedali, chini ya dashibodi, vidole vikatoka vimelowa. Kumbe raba za silinda ya juu zimechoka, zinavujisha. Mguu mzembe humaliza pleti ya klachi, hauvujishi mafuta! Kuongeza mafuta ya breki na kutoa upepo kungetufikisha kwa fundi tu; dawa ni raba mpya. Mpenzi msomaji, tafuta panapovuja kabla ya kutafuta mkosaji. Mimi niliomba radhi hata kabla ya kunawa mikono.