SIO KILA HOBI NI YA KUUZA: Kwa nini nilikataa oda ya laki saba



Leo naomba nipingane kidogo na ushauri ambao tunapeana kila siku: "Kama kuna kitu unapenda kufanya, kigeuze biashara." Mimi nasema inategemea. Kuna hobi ukiigeuza biashara unakosa vyote viwili, hobi na hela.

Mimi niko Nzega, nina duka la vifaa vya simu na nauza mtandaoni pia. Usiku nikishafunga duka natengeneza meli ndogo za mbao: majahazi, mashua, ngalawa. Ndio, hapa hapa Nzega, hatuna bahari wala ziwa. Watu wananitania sana. Mimi nawajibu kwamba mkoa wetu wa Tabora ulishapitiwa na meli, tena ikiwa vipande. Meli ya Liemba, zamani ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikashushwa Dar es Salaam, halafu ikapelekwa Kigoma kwa reli inayopita Tabora. Huko ikaungwa upya na kuingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiichukue. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kuunga meli kipande kwa kipande mbali na bahari hatujaanza sisi.

Sasa tuje kwenye hela.

Jahazi dogo la sentimita 45 linanichukua kama saa 40. Unaanza na mkuku, unasimamisha mataruma, unabandika mbao nyembamba moja moja huku unasubiri gundi ikauke. Halafu mlingoti, foromali na tanga. Mlingoti wa jahazi unalalia mbele kidogo. Ukiuweka wima kabisa, mtu aliyekulia pwani atajua kwa kuangalia tu. Mbao natumia vipande vya mninga vinavyobaki kwa seremala. Ukijumlisha mbao, gundi, msasa, uzi, kitambaa cha tanga na vanishi, inafika shilingi 15,000.

Kuna mteja aliona picha, akataka majahazi 20 ya kuwapa wageni wake zawadi. Bei yake 35,000 kwa moja. Jumla laki saba. Washkaji waliposikia wakasema, "Chukua hiyo hela haraka!"

Mimi nikachukua kalamu kwanza. Vifaa vya majahazi 20 ni laki tatu. Inabaki laki nne. Majahazi 20 mara saa 40 ni saa 800. Gawanya laki nne kwa saa 800: unapata shilingi 500 kwa saa. Mia tano! Na kila usiku nina saa nne tu, kwa hiyo ni usiku 200, zaidi ya miezi sita. Hapo sijahesabu mbao iliyopasuka, boksi za kufungia, wala siku ambayo naumwa.

Nikakataa. Kwa heshima, lakini nikakataa.

Laki saba inasikika kubwa kwa sababu inakuja kwa mkupuo. Wengi wetu tunadanganywa na jumla, hatuangalii saa. Na hilo halihusu meli tu. Dada anayefuma vitambaa, kaka anayechora picha, anayepamba keki za watoto wa ndugu zake, wote wanaambiwa "hiyo ni hela." Wanakubali oda, wanakesha, na baada ya miezi mitatu hawataki hata kuiona sindano. Dukani nako wanasinzia, wateja wanajibiwa kwa mkato. Yaani kile kilichokuwa kinakupumzisha ndicho kinakuchosha, na duka linalokulisha ndilo linalolipa.

Najua kuna atakayesema, "Njaa haina hobi." Ni kweli, na hapa tuelewane. Kule Zanzibar na Lamu kuna mafundi wanaotengeneza majahazi madogo na kuwauzia watalii. Ile ni kazi yao, wana mkono mwepesi na wateja wako pale pale. Kama ufundi ndio unakulipia kodi ya nyumba, chukua oda, dai nusu ya hela kabla ya kuanza, na piga kazi. Mimi naongea na wewe ambaye duka lipo, linajiendesha, na hobi ni ya usiku.

Mimi najiendesha hivi:

1. Nauza iliyokwisha tu. Sichukui oda. Ikikamilika nikaona sina haja nayo, naipiga picha pamoja na rula, naiweka mtandaoni.

2. Saa zangu nazihesabu. Saa moja nimeipa shilingi 2,500. Saa 40 ni laki moja, jumlisha vifaa 15,000, ni 115,000. Akisema "punguza bosi," namwonyesha hesabu. Akiondoka, meli inabaki kabatini kwangu, haiozi.

3. Hela ya gundi haitoki kwenye droo ya duka. Mtaji wa chaji na kava ni wa chaji na kava.

4. Nikituma kwa basi, mlingoti nauchomoa na kuufunga pembeni. Mteja anauchomeka mwenyewe kwa maelekezo. Hii hata wewe unayeuza vitu vinavyovunjika inakuhusu.

5. Kuna moja ambayo haiuzwi kwa bei yoyote. Sasa hivi naunga Liemba ya mbao. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi, kwa kipimo cha 1 kwa 150 inakuja kama sentimita 47. Ikiisha inakaa dukani, juu ya kabati la chaji.

Biashara inataka mtu ambaye kichwa kimepumzika. Ukiuza mpaka mapumziko yako, kesho utafungua duka na nini?

Wewe hobi yako ni ipi? Saa moja unaiuza shilingi ngapi? Piga hesabu, halafu tuandikie hapo chini. Usitaje jumla, taja kwa saa.