Sikio likikufa, usilizike kwa siri

Ndugu mtumikaji, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Mara nyingi tunaandika hapa juu ya macho, vidole na miguu. Kidole kilichokatika kila mtu anakiona. Leo tunasema juu ya kilema ambacho hakuna anayekiona: sikio moja limekufa, la pili ni zima.

Tumchukue mchimbaji mmoja. Jina lake tunaliacha. Baruti ililipuka karibu naye, upande wa kushoto. Akasikia mlio mrefu kichwani, akanyamaza, akamaliza zamu yake. Kesho yake sikio la kushoto halikusikia neno. Hakumwambia mtu. Alijisemea: «Nikienda kwa mganga, wataniondoa chini ya ardhi, na mshahara utapungua. Watoto wangu watasoma na nini?» Akaishi hivyo mwaka mzima. Siku moja kamio kubwa ilikuwa inarudi nyuma. Honi aliisikia vizuri, lakini hakujua inatoka upande gani. Akaruka kuelekea kamio yenyewe. Mwenzake alimvuta kwa mshipi, na kwa sababu hiyo tu tunaye hata leo.

Kwa nini aliruka vibaya? Sauti inayotoka kulia inafika kwanza kwenye sikio la kulia, na kwa nguvu zaidi. Inafika kushoto baadaye kidogo sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Akili inapima tofauti hiyo na kukuambia: hatari iko kule. Mwenye sikio moja hana cha kulinganisha. Anasikia hatari, lakini haioni ilipo. Tena katikati ya mashine maneno ya wenzake yanachanganyika na kelele.

Hatumcheki mchimbaji huyu. Woga wake ni woga wa baba wa watoto. Lakini tunasema wazi: siri ile ilimdhuru mara tatu.

Kwanza, ilimnyima matibabu. Sikio linapozimika kwa ghafula, iwe kwa mlipuko, kwa pigo la kichwa au bila sababu inayoonekana, usingoje mwisho wa juma. Nenda kwa mganga siku ile ile. Kuna uziwi wa ghafula ambao dawa yake inasaidia ikianza mapema, katika siku tatu za kwanza ikiwezekana. Majuma yakipita, nafasi inapotea. Pengine ni nta tu iliyoziba, na utacheka mwenyewe. Lakini usitie mafuta, majani wala kijiti.

Pili, ilimnyima karatasi. Kelele ya kila siku kwa kawaida inaharibu masikio yote mawili pamoja. Sikio moja likikufa peke yake, mganga na wakubwa watauliza: ilikuwa siku gani, mahali gani, nani alikuwepo? Baada ya mwaka, nani atakumbuka? Kwa hiyo ajali iandikwe siku ile ile, hata kama hakuna damu. Omba kipimo cha masikio, na uweke nakala yako nyumbani.

Karatasi hiyo ndiyo mlango wa haki yako. Ajali za kazi na magonjwa ya kazi ni shughuli ya CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka 2018. Mwajiri anapashwa kutangaza ajali. Mganga anapima kiwango cha kilema. Malipo yanafuata kiwango hicho. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye kilema haki ya ulinzi wa pekee. Tena sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Ukiona njia ni ngumu, mfuate delege wa sendika, mwende pamoja. Kudai haki si kuomba sadaka.

Tatu, iliwanyima wenzake nafasi ya kumlinda. Kama wangalijua, wangalisimama upande wa sikio zima, wangaliita kwa taa na kwa mkono, wala si kwa sauti peke yake.

Basi, wewe mwenye sikio moja, fanya hivi. Waambie wenzako wa zamu: «Upande huu sisikii.» Simama mahali ambapo sikio zima linaelekea wenzako. Mbele ya kuvuka njia ya kamio, geuza kichwa pande zote mbili. Macho yako sasa yanatumika kazi ya sikio. Na lile lililobaki ulilinde kama mboni ya jicho. Kelele ya desibeli 85 ni mpaka wa saa 8. Ikipanda kuwa 88, ni saa 4. Ikifika 91, ni saa 2 tu. Mashine ya kutoboa miamba inapita 100. Usitoe vizibo ili usikie vizuri zaidi: ukipoteza na hilo, hakuna la tatu.

Vipo pia vyombo vinavyochukua sauti upande uliokufa na kuipeleka kwenye sikio zima. Havifufui sikio, lakini vinasaidia mazungumzo. Muulize mganga.

Mama, bwana wako akilalia sikio zima asikusikie kabisa, au akiongeza sauti ya redio kila siku, usidhani ni kiburi. Mpeleke kwa mganga.

Na ninyi wakubwa wa kazi, neno moja. Mtu akisema ukweli, kisha akashushwa mshahara na kuchekwa «kiziwi», kumi wengine watanyamaza kesho. Mpeni mahali panapomfaa, pasipo na kamio nyuma ya mgongo wake, na heshima yake ibaki pale pale. Fundi wa miaka ishirini hakusahau ufundi wake kwa sababu ya sikio moja.

Ndugu, sikio lililokufa halikuondolei utu. Kulificha ndiko kunakoweza kukuondolea uhai. Sema leo, rudi nyumbani jioni.