Hadubini Irudi Zahanati za Kagerankanda

Ndugu zangu wa Kibondo na Kasulu, homa ikikushika baada ya kutoka msituni, usijipe moyo kwamba ni malaria tu. Nchi yetu ni nchi ya mbung'o, nzi anayeeneza malale. Miaka ya 1930 wazee wetu walihamishwa makwao, wakakusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Leo anayeingia msitu wa Kagerankanda kurina asali anaumwa na mdudu yuleyule.

Wakubwa wetu wa afya ningependa wamsome David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa Melbourne mwaka 1855. Alipanda vyeo, lakini mafaili hayakumtenga na wagonjwa. Huko Zululand, Afrika Kusini, miaka ya 1890, alithibitisha kwamba nagana, ugonjwa wa ng'ombe, huenezwa na mbung'o. Mkewe, Mary, alifanya kazi naye bega kwa bega, akichora vijidudu walivyoviona.

Machi 1903 alifika Entebbe, malale yakiwa yanafagia watu kando ya Ziwa Victoria. Daktari mwenzake, Castellani, alikwisha kuona kijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Nani alikuwa anakieneza? Bruce aliomba msaada wa Apolo Kagwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, pamoja na machifu na wamisionari. Watu wakakamata nzi wanaouma, wakawapeleka pamoja na habari za mahali walikotoka na kama malale yapo huko. Yote yalipotiwa kwenye ramani, penye malale palikuwa na mbung'o. Agosti aliondoka na jibu mkononi, na jibu hilo lilitokana na macho ya wenyeji.

Si kila alilolishauri lilikuwa jema. Alipokuwa Nyasaland, Malawi ya leo, alitaka wanyamapori wa nchi ya mbung'o waangamizwe, na hilo mimi silikubali hata kidogo. Lakini hata alipokuwa mkuu wa Chuo cha Udaktari wa Jeshi jijini London, wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, alikuwa akichambua mwenyewe taarifa za askari wenye pepopunda.

Sasa tujitazame. Kipimo cha haraka cha malaria ni neema kubwa, ila malale hakiyaoni. Zamani mtaalamu wa maabara, akitafuta malaria kwa hadubini, aliweza kukikuta kijidudu cha malale kikijipindapinda katikati ya chembe za damu. Siku hizi kipimo kikisema hakuna malaria, mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza homa akarudi nyumbani. Malale ya huku kwetu huua katika miezi michache. Yakishaingia kwenye ubongo, dawa iliyotegemewa miaka mingi ni melasoprol, yenye sumu ya aseniki, ambayo yenyewe huua baadhi ya wanaotibiwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina hii. Vidonge hivyo vitamfaa nini mtu ambaye ugonjwa wake haujulikani?

Waganga wakuu wa wilaya, fikeni wenyewe kwenye zahanati za kando ya msitu. Ulizeni hadubini iko wapi, na nani anajua kuitumia. Nawe mrina asali, nawe mkulima, ukifika mbele ya mganga usiishie kusema una homa. Mwambie ulilala msituni, mwonyeshe pale mbung'o alipokuuma pakavimba, na kipimo cha malaria kisipoonyesha kitu, omba damu yako itazamwe kwa hadubini siku hiyohiyo.